Kipande Shingoni mwa Nyambura

Nyinyi walimu wapya mnaokuja kwangu hapa Bahati, mkinisalimia "niaje, mwalimu" kabla hamjavua viatu, kila mara mnaniuliza swali moja: mtu hufanya nini ili darasa linyamaze? Leo nitawaambia habari nyingine. Nitawaambia jinsi nilivyofika mahali pa kuogopa mtoto aliyenyamaza, na ilinichukua safari ndefu kulielewa jambo lenyewe.

Nianzie mbali. Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya ualimu. Nasema Uingereza kwa sababu ndivyo tulivyosema sisi. Mahali penyewe panaitwa Wales, na wenyeji wake ukiwaita Waingereza wanakutazama kama umewatukania mama. Wiki ya kwanza, mwalimu wetu wa chuo, mwanamume mmoja mpole aliyevaa sweta lililotoboka viwiko, alinipeleka kuona shule ya watoto wadogo.

Niliingia nikitarajia kuona watoto weupe wamekaa wima kama askari wa gwaride. Niliwakuta sakafuni. Mmoja alikuwa anamimina maji kutoka kikombe hadi kikombe, mwingine amejipaka rangi hadi masikioni. Mwalimu wao alikuwa amepiga magoti kati yao, sketi yake imelowa. Nikaangaza macho ukutani nione fimbo inaning'inia wapi. Haikuwepo. Nikajiambia labda wameificha kwa sababu ya mgeni, maana hata sisi tulikuwa tunaficha.

Lakini hilo halikunishtua kama lugha. Mimi Kizungu nilikuwa nakijua, nilishafundisha nacho. Nikasikiliza wale watoto, nikasikiliza tena, sikuambulia hata neno. Nikadhani baridi imeniziba masikio.

"Wanaongea nini hawa?" nikamuuliza yule mwalimu wa chuo.

"Lugha ya nyumbani kwao. Shule hii inafundisha kwa lugha hiyo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Wazazi wenyewe ndio waliodai."

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, kidogo kama kigoda cha kukamulia ng'ombe, na sikuinuka hadi watoto walipotoka kucheza. Yule bwana alidhani ni uchovu wa safari. Kumbe mimi kwa mawazo nilikuwa nimerudi Kabazi, namfikiria msichana mmoja aliyeitwa Nyambura.

Sasa niwaambie ya Kabazi, kule Subukia, mwanzoni mwa miaka hiyo ya hamsini.

Mimi ni Mmaragoli, binti wa mfanyakazi wa reli, nimelelewa hapa Nakuru kwenye nyumba za reli, tukisikia treni ikipiga kelele kuliko jogoo. Nilisomea ualimu katika chuo cha misheni huko magharibi. Chuoni kwetu somo kubwa lilikuwa mwalimu mwenyewe: asimame wapi, avae nini, aandike ubaoni namna gani bila kuwapa watoto mgongo. Jambo hilo la mgongo nililijua vizuri. Unasimama ubavu, mkono unaandika, jicho moja linabaki kwa watoto. Hadi leo nikiandika orodha ya sokoni natamani kugeuka nione nani anachokoza mwenzake. Kujaribu kufundisha, tulifundishana sisi kwa sisi. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa na mchumba tayari, alijifanya mtoto wa darasa la kwanza, akalia kwamba anamtaka mama yake, na akapewa alama nyingi kuliko mimi niliyekuwa namfundisha.

Kule Wales mambo yalikuwa kinyume. Niliambiwa nichague mtoto mmoja, nikae kwenye kona, nimtazame asubuhi nzima. Nikauliza nimfundishe nini. Wakaniambia usimfundishe chochote, tazama tu. Niliona wamenidharau. Nimesafiri kwa meli, nimetapika njia nzima, nije nitazame mtoto akila penseli? Lakini nilipotazama, niliona kitu ambacho chuo chetu hakikuwahi kunionyesha: mtoto anapofikiria, midomo yake husogea kabla sauti haijatoka. Ukimpigia kelele wakati huo, lile wazo linarudi ndani. Hilo lishikeni. Ndilo jambo moja lililolipia nauli yangu.

Msidhani pia kwamba wazungu wote ni wamoja. Bwenini nililala na mwalimu kutoka Uskochi, msichana mcheshi sana, akaniambia kwao walimu hununua mshipi wa ngozi uliotengenezwa maalumu kwa ajili ya viganja vya watoto, na fundi hukuuliza unataka mzito au mwepesi. Alisema hivyo huku anapaka mkate siagi. Usiku huo sikula vizuri.

Basi, Kabazi. Nilipomaliza chuo nilipelekwa huko, kwenye shule ya shamba la mzungu aliyelima pareto. Ilikuwa shule ya matope na mabati, madarasa manne tu, na ukungu wa asubuhi ulikuwa unaingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa. Watoto walikuwa wa wafanyakazi: Wakikuyu wengi, Wakalenjin, Waluhya, Waturkana wachache. Mwalimu mkuu aliitwa Eliakimu, mwenye mvi kidogo, Mmaragoli kama mimi. Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya. Alikuwa anatoa uji wake mwenyewe kwa watoto waliokuja na njaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza rangi ya ubao kwa masizi na maji ya viazi, na kwamba mtoto anayesinzia asubuhi haulizwi amekosa nini, huulizwa amelala saa ngapi.

Lakini Mwalimu Eliakimu alikuwa na kipande.

Nyinyi hamjui kipande. Zamani kila mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi zake za kazi ndani ya kikopo cha chuma, kimening'inia shingoni, na ndicho kilichoitwa kipande. Mwalimu Eliakimu alikuwa amechonga kijiti cha mti wa mutarakwa, akakitoboa, akakitia kamba ya katani. Mtoto wa darasa la nne akisikika anasema lugha ya mama yake, anavishwa. Anatembea nacho hadi amsikie mwenzake amekosea, amvishe yeye. Anayekutwa nacho jioni anachapwa. Jina la kipande walikipa watoto wenyewe, kwa sababu walikuwa wameona shingo za baba zao.

Nyambura alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa hilo, binti wa mchuma pareto. Alikuwa msemaji. Akili yake ilikuwa inakimbia kuliko Kiswahili chake, kwa hiyo alianza sentensi kwa Kiswahili, akafika katikati, neno likakosekana, akamalizia kwa Kikuyu kwa haraka ili wazo lisimtoroke. Kipande kilimjua shingo.

Niliwahi kumwomba Mwalimu Eliakimu amhurumie. Akaniambia kwa Kimaragoli, mlango umefungwa, "Zipora, mimi nilikivaa nikiwa mdogo. Nilikufa? Mtihani wa darasa la nne unatupa watoto nje kama makapi. Usiponiachia niwafundishe lugha ya mtihani, watarudi wote kwenye pareto." Mtihani ule kweli ulikuwa ukiwatupa.

Siku moja akaja msimamizi wa shule za misheni, mwanamke mzungu. Watoto walimwita Misi Prosa. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, kizuri kuliko chetu sote, na ndiyo sababu mara nyingi tulikuwa hatumwelewi. Aliingia darasani anatabasamu, akaanza kusalimu safu ya mbele, halafu akamwona Nyambura amesimama ukutani na kijiti kifuani. Mkono wake ukabaki hewani.

"Kitu hiki kimetoka wapi?" akauliza.

Mwalimu Eliakimu akajibu kwa fahari. "Kwenu, Madam. Ni njia ya kwenu. Wamisheni walituletea."

Misi Prosa alikuwa mwekundu. Akawa mweupe. Akakaa kwenye benchi katikati ya watoto, akakishika kile kijiti bila kukivua.

"Bibi yangu alivaa kitu hiki," akasema.

Mwalimu Eliakimu akanitazama, kwa maana kwetu huku bibi ni mke, na hatukujua mwanamke huyu ana mke wa namna gani. Nikamnong'oneza, "Nyanya yake." Akatikisa kichwa polepole.

Tuliwatoa watoto nje, naye akatueleza. Kwao Wales, kulekule nilikopelekwa baadaye nikidhani lugha yao imekwisha kufa, nyanya yake alipokuwa mtoto, walimu waliwavisha watoto kipande cha mti waliposema lugha yao. Kilitoka shingo hadi shingo, na aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Vilevile. Kamba vilevile. Na wazazi hawakulalamika, maana walitaka watoto wajue Kiingereza wapate kazi.

Tangu nizaliwe nilidhani mzungu amezaliwa na Kizungu mdomoni. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mzungu aliyechapwa ili akijue.

Mwalimu Eliakimu ndiye aliyepata sauti kwanza. "Lakini Kiingereza mlijua."

"Tulijua."

"Basi kilifanya kazi, Madam."

Misi Prosa alitazama watoto kupitia dirishani. "Mama yangu hakunifundisha ile lugha," akasema. "Hakutaka nivishwe. Bibi yangu alipokuwa anakufa, Kiingereza chote kilimtoka. Alirudi kwenye lugha yake ya utoto. Alinishika mkono akaniambia maneno mengi, kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo kubwa. Sikufahamu hata moja. Mpaka leo sijui bibi yangu aliniambia nini."

Mwalimu Eliakimu alivua kofia. Mama yake mwenyewe alikuwa hai, huko Maragoli, na watoto wake Eliakimu walilelewa mjini Nakuru kwa Kiswahili na Kizungu, mimi niliwajua. Akasema, "Pole, Madam," na alimaanisha.

Kesho yake asubuhi kipande kilikuwa shingoni mwa mtoto mwingine.

Misi Prosa hakumwamuru akiondoe. Ofisi ya elimu ilisifu shule zenye watoto wa Kizungu kingi, na mwanamke msimamizi naye alikuwa na wakubwa wake. Aliondoka na gari lake, vumbi likatulia, tukaendelea. Ila mimi kuanzia siku ile niliona kile kijiti kama kitu kilichotoka kaburini mwa watu wengine.

Halafu Nyambura akanyamaza.

Mwanzoni hatukugundua. Mtoto alifanya hesabu ya kitoto: asiyesema hashikwi. Wiki ikapita hajavishwa. Mwalimu Eliakimu akamsimamisha mbele ya wenzake. "Mwaona Nyambura," akasema. "Amejifunza." Watoto wakapiga makofi. Nyambura akatazama miguu yake. Mimi nilimwuliza swali la hesabu, jibu nilijua analijua. Midomo ikasogea. Sauti haikutoka. Akaandika jibu kwenye sileti, akainua. Lilikuwa sahihi.

Mama yake alikuja katikati ya kazi, mikono imebaki na manjano ya pareto. Hakuketi tulipompa kiti.

"Walimu," akasema, "mimi nililetea nyinyi mtoto anaongea. Hata usingizini alikuwa anaongea, nilikuwa namwambia nyamaza tulale. Sasa mnanirudishia mtoto kama jiwe. Nyumbani haongei hata Kikuyu. Nikimwita anakuja tu, ananiangalia. Mlimfanya nini?"

Mama Nyambura akangoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilitutisha. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza daktari. Alipoona hatujibu, akasema ana debe la kujaza kabla nyapara hajapita, akaenda.

Mwalimu mkuu alikaa pale siku nzima kama mtu aliyepigwa na radi. Baadaye alijaribu kila kitu. Alimwita Nyambura, akamwambia sema lugha yoyote, hata Kimasai. Alimnunulia peremende dukani Subukia. Alimwombea. Mtoto alipokea peremende kwa mikono miwili, akapiga goti, hakusema kitu. Mwalimu Eliakimu akatoka nje akaenda nyuma ya shule, na nilipomfuata nilimkuta amesimama akitazama ukuta.

Mimi sikuwa na njia yoyote ya chuoni. Chuo hakikufundisha kumrudishia mtoto sauti. Niliamua tu kwamba hakuna atakayemwuliza Nyambura kitu. Swali lilikuwa limekuwa mtego kwake, basi nikaondoa mitego. Kila mchana, jua likipasha mabati, nikawa nawasimulia hadithi. Siku moja nikaamua kusimulia kwa Kikuyu.

Kikuyu changu kilikuwa cha sokoni. Kununua viazi nilijua, kusimulia sikujua. Nikaanza habari ya fisi mlafi aliyeingia boma la mzee usiku, akaona mbuzi mnono. Sasa, kwa Kikuyu mbuzi ni *mburi*, na mvua ni *mbura*. Mimi nikachanganya. Nikasema fisi aliikamata mvua kwa shingo. Watoto wakatazamana. Nikaendelea, bila kujua, fisi akaiburuta mvua hadi kichakani, akaila mvua na mifupa yake yote. Darasa likaanza kutetemeka kwa kicheko kilichozuiwa, maana ilikuwa marufuku kumcheka mwalimu na marufuku kuelewa Kikuyu.

Kutoka safu ya dirishani sauti ikasema, nyembamba, ya kukwaruza kama bawaba iliyoshika kutu:

"*Ni mburi*, mwalimu. *Ti mbura*."

Ni mbuzi, mwalimu. Si mvua.

Kicheko kilikatika. Nyambura alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Kijana aliyekuwa na kipande siku hiyo, Kiprono, aliinuka nacho mkononi, maana sheria ni sheria. Akamtazama Nyambura. Akanitazama mimi, ambaye nilikuwa nimevunja sheria ileile tangu mwanzo wa hadithi. Hakujua amvishe nani.

Mwalimu Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini. Akaingia, akanyoosha mkono, Kiprono akampa kile kijiti. Akakitia mfuko wa koti, sikukiona tena.

"Mwalimu, endelea," akaniambia kwa Kiswahili. Sauti yake haikuwa sawa. "Huyo fisi alikula nini?"

"*Mburi*," darasa likasema, Wakikuyu, Wakalenjin na Waturkana.

Kuanzia hapo tulifundisha kwa njia ambayo haikuwa ya chuo chochote. Mtoto anasimulia kwa lugha ya mama yake, mwenzake anaigeuza kwa Kiswahili, halafu wote tunaitafutia Kizungu, tunabishana juu ya kila neno. Kizungu hakikufa kama tulivyoogopa. Kilikua, kwa sababu sasa watoto walikuwa na kitu cha kusema kwacho. Nyambura alirudi kuwa msemaji, polepole, na mama yake alimletea Mwalimu Eliakimu kabichi kubwa, akaiweka mezani.

Natamani ningemalizia kwenye kabichi. Lakini mlitaka kujua kazi hii, na kazi hii ina asubuhi yake moja.

Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa kwa ajili ya wapiganaji wa Kikuyu walioingia msituni, na mashambani serikali ikaanza kuwakusanya Wakikuyu kuwarudisha kwenye rizavu yao, ardhi waliyotengewa na serikali, hata waliozaliwa hukuhuku Bonde la Ufa ambao rizavu waliijua kwa jina tu. Tulisikia habari za mashamba mengine. Hatukuamini zingefika kwetu, kwa sababu mtu huamini shamba lake ni tofauti. Asubuhi hiyo nilifika darasani nikakuta madawati matupu upande mzima wa dirisha. Watoto waliobaki walikuwa wamekaa bila mtu kuwaambia wakae.

Mwalimu Eliakimu akasema, "Njoo." Tukateremka hadi njia ya magari. Malori yalikuwa yamepangwa, watu wamejazwa na magodoro, sufuria, kuku wamefungwa miguu. Askari walisimama na bunduki. Watu wale wote, wazee kwa watoto, hakuna aliyesema neno. Niliona mama Nyambura amekaa juu ya gunia, uso umegeukia mlima. Sikumwona Nyambura kwanza. Kisha akainuka nyuma ya mama yake, akashika ukingo wa lori. Tangu asubuhi hiyo sikumwona tena, ingawa miaka mingi niliuliza kila mwalimu aliyetoka Nyeri, Murang'a na Kiambu.

Alituona. Akanyoosha mgongo kama wanavyosimama darasani mwalimu anapotoka, akasema kwa Kizungu, kwa sauti ya kusikika kwenye malori yote:

"Gudbai, sa. Gudbai, ticha."

Askari mmoja aligeuka. Mwalimu Eliakimu akavua kofia. Nilijua anachotaka kusema, na nilimshika mkono wa koti, kwa sababu asubuhi ile mtu mwenye akili hakuwa anatoa neno la Kikuyu barabarani. Akasema, kwa matamshi mabaya ya Kimaragoli, lakini wazi:

"*Thii na thayu*, Nyambura."

Nenda kwa amani.

Askari akamjia, bunduki mbele. Akamwangalia mvi, koti, kofia mkononi. "Wewe, mzee. Wewe ni Mkikuyu?"

"Hapana," akasema Mwalimu Eliakimu. "Mimi ni mwalimu wake."